Nilivyowaita Zimamoto kwa Ajili ya Korongo

Chekeni mapema mmalize, maana najua hamkuja hapa kwa ajili ya kahawa yangu (kahawa yangu mnaijua, mwenye mkono wa kahawa katika nyumba hii alikuwa marehemu), mmekuja kusikia kwa mdomo wangu mwenyewe ile habari mliyoiona kwenye simu zenu, ya mzee mwenye kofia na koti la bluu aliyesimama katikati ya bustani huku gari la zimamoto, gari la wagonjwa na polisi wawili wamemzunguka. Ndiyo, ni mimi. Sikatai. Aibu ile nimetembea nayo mpaka dukani, mpaka msikitini, na yule kijana anayeuza sambusa karibu na stesheni ya Edmonton hapa London akiniona anakunja mguu mmoja na kusimama kama ndege, na mimi nacheka naye, nifanyeje, lakini nikifika nyumbani nafunga mlango na kicheko kinabaki nje.

Ila ile video inaanzia watu wanapocheka, na mambo hayakuanza na kicheko hata kidogo.

Yalianza baada ya mke wangu Zuhura kunitoka. Mlikuja wote, Mungu awalipe, mkasoma, mkapika, mkaosha na masufuria, halafu kila mmoja akarudi kwenye shifti yake kama ilivyo desturi ya mji huu, na nyumba ikabaki na mimi na sauti ya friji. Mwanangu Rehema alikuwa akipita kila akitoka kazini (anafanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali), ananiletea chakula kwenye vibakuli, ananiuliza nimekula nini, nami namjibu kwa Kiswahili, yeye ananirudishia kwa Kiingereza, ndivyo tunavyozungumza tangu alipoanza shule, Kiswahili kinaingia masikioni mwake vizuri kabisa lakini mdomoni hakitoki. Siku moja akanitazama kwa muda, akaniambia, "Dadi, ukiendelea kukaa hapa ndani utaota mizizi. Toka. Tembea. Popote."

Basi nikawa natembea. Asubuhi nikishakunywa chai navaa koti langu la bluu, lile nililokuwa nikiendeshea basi, nashuka mpaka kwenye ile bustani nyuma ya maghala, pale kwenye bwawa lenye matete, nazunguka, narudi. Na pembeni ya bwawa lile, kwenye uwanja wa majani, kulikuwa na nguzo ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, ambayo mimi siku zote nilidhani ni ya mtandao wa simu. Asubuhi moja nikainua macho, nikaona juu yake kuna kiota kikubwa cha vijiti, na ndani ya kiota amesimama korongo.

Nyinyi mmezaliwa mjini hamwezi kunielewa. Mimi nimekulia mashambani, upande wa Korogwe, na baba yangu alikuwa na shamba la mahindi, na mwaka viwavijeshi walipokuja, mazao yote yakawa yananyauka mbele ya macho yetu, ndipo walipokuwa wakitua wale ndege, weupe, ncha za mbawa nyeusi, miguu na mdomo mwekundu, wanatembea kwenye mistari ya mahindi kama wakaguzi, wanaokota viwavi mmoja mmoja, na baba alitukataza hata kuwapiga kelele. Alikuwa akisema hao ni wageni, wametoka mbali, Ulaya huko, wakimaliza watarudi kwao. Sasa leo mimi ndiye nimetoka mbali, na yeye ndiye yuko kwao. Nikavua kofia. Nawaapia, nilivua kofia, nikamwambia "shikamoo" (msinitazame hivyo), na machozi yakanitoka palepale kama mtoto, maana nilikuwa sijaona kitu cha kwetu kwa siku nyingi na sikuwa na mtu wa kumrudia nyumbani nikamwambia nimemwona.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo dogo ambalo ndilo lililozaa yote. Alikuwa anakuja mama mmoja wa Kizungu, mvi tupu, buti za mvua, darubini inaning'inia shingoni. Nilikuwa nikimwona mara kwa mara bila kumjua, baadaye ndiyo nikajua anaitwa Margaret. Akanisalimu, habari za asubuhi, akasimama kabisa, naona alitaka tuzungumze, maana aliona nilikuwa nakitazama kile kiota. Mimi uso ulikuwa umelowa. Nikaona haya. Nikageukia upande wa pili kama mtu aliyeitwa, nikaondoka zangu. Kama ningefuta uso kwa mkono wa koti nikasema neno moja tu, "Yule ndege vipi?", leo tungekuwa tunazungumza mambo ya mpira.

Kesho yake yupo. Keshokutwa yupo. Amesimama vilevile, anatazama upande uleule. Mvua ikanyesha, ile mvua yao ya barafu, yupo, hakujikunyata, hakujifunika kichwa. Nikaanza kuwa na wasiwasi. Nikawa namwendea asubuhi na alasiri, na alasiri nakuta yuko kama nilivyomwacha asubuhi. Nikamwambia Rehema, akasema ndege husimama, Dadi, ndiyo kazi yao, kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha.

Ikaja ile Jumamosi. Usiku wake upepo ulikuwa umevuma vibaya, mapipa ya taka yamelala barabarani, nami moyo ulikuwa kwa yule ndege, kwa hiyo chai sikuimaliza. Nilipofika nikainua macho, nikamwona ameinama. Ameegemea upande mmoja, bawa moja limegusa vijiti, shingo imelala. Bustani ilikuwa na watu, watoto wanacheza mpira upande wa pili, watu na mbwa wao, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Wote wanapita chini yake! Nikapiga simu kwa hawa watu wanaookoa wanyama, nikapewa muziki wa kusubiri, muziki ukaisha ukaanza tena. Nikakata, nikampigia rafiki yangu Kassim, huyu hapa, yeye ni Mmombasa na mambo yote kwake ni mepesi, nikamwambia Kassim, yule ndege anakufa, na yeye sauti bado ya kitandani akanijibu, "Wewe wamtakia nini ndege wa watu? Muache, yuwalala tu huyo."

Yuwalala tu.

Kassim, najua hukukusudia. Lakini hukujua, na hakuna kati yenu anayejua, maana sikuwahi kulisema, siku ile Zuhura aliyoondoka ilivyokuwa. Tulikula mchana vizuri. Akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, kanga miguuni, tunatazama televisheni, mimi nikamwona kichwa kimeegemea. Nikasema amechoka, amelala tu. Nikapunguza sauti ya televisheni, halafu nikaona bado inamsumbua, nikaizima kabisa. Nikanyata kwa vidole kwenda dukani kununua maziwa. Nikarudi, nikachemsha chai, nikampelekea, nikaiweka kwenye kistuli pembeni yake, na sikumwamsha, nikakaa kwenye kochi nasoma gazeti kwa kunong'ona, jamani, mpaka ile chai ilipofanya utando juu. Ndipo nikamgusa mkono. Nikapiga simu, na yule wa kwenye simu akaniuliza, anapumua? Mimi sikuwa najua. Nilikuwa naye chumba kimoja muda wote ule na sikuwa najua.

Kwa hiyo Kassim aliposema yuwalala tu, vidole vyangu havikuningoja. Nikapiga tisa tisa tisa, namba ya dharura.

Na hapa naomba mnisamehe Kiingereza changu. Nimeendesha basi London miaka mingi, nimegombana kwa Kiingereza, nimefanya mitihani kwa Kiingereza, lakini neno la Kiingereza la korongo sikuwa nalo, sijawahi kulihitaji, hakuna abiria aliyepanda na korongo. Na mnajua sisi, Kiswahili chetu yeye ni yeye, awe mume awe mke, tukiharakisha Kiingereza tunaokota "he" au "she" lolote lililo karibu. Mimi nikaokota "she". Nikasema, yuko juu ya nguzo, juu kabisa, hatikisiki, ameanguka upande, njooni. Yule dada wa kwenye simu sauti ikabadilika, akaniuliza ni bustani gani, nikamwambia. Akaniuliza, unamfahamu? Nikasema namfahamu, namwona kila siku. Anaitwa nani? Mimi nikadhani ananiuliza ni ndege gani, nikasema korongo. "Carol?" akasema. Nikasema ndiyo, ndiyo, Korongo, nikiona anapoteza muda.

Halafu akaniuliza, "Anapumua?"

Sijui nilimjibu nini. Rehema alikuja kusomewa baadaye na polisi, anasema nilirudiarudia kwamba sijui, sikumwangalia, nilidhani amelala, nilidhani amelala. Mtu yeyote mwenye moyo akisikia mzee analia hivyo atatuma kila kitu alicho nacho. Na wakatuma.

Ving'ora vikaanza kusikika kutoka upande wa barabara kuu, mimi nikafurahi, nikawa napunga mikono. Likaingia gari la zimamoto lenye ngazi, likapita juu ya majani, nyuma yake gari la wagonjwa, nyuma yake polisi. Mpira wa watoto ukasimama, watu wakaja mbio, simu zote juu. Akateremka mkubwa wao, mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe, akaniuliza, "Yuko wapi?" Nikanyoosha kidole juu. Akatazama, akatazama tena, akanitazama mimi. "Mzee, yule ni ndege." Nikamwambia ndiyo, ni ndege, anakufa, pandeni!

Nilimwona anameza hasira, na haki yake. Lakini watu walikuwa wamekwisha kumwona ndege alivyolala upande, mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akasema maskini, amenaswa mguu, na wengine wakadakia, mmeshafika, mpandieni basi, na yule mkubwa akashusha pumzi akampa mwenzake ishara. Ngazi ikaanza kunyanyuka na mngurumo wake.

Ndipo nikamwona Margaret. Alitokea kwenye matete upande wa pili wa bwawa, anakimbia na zile buti, anaanguka, anainuka, anapunga mikono yote miwili na kupiga kelele ambayo haisikiki kwa ajili ya injini. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema moyoni, afadhali, huyu anampenda ndege, anakuja kunisaidia.

Yule kijana wa zimamoto akafika juu. Akanyoosha mkono taratibu, akamgusa ndege mgongoni. Kisha akakunja ngumi, akamgonga. Tulisikia mpaka chini, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye ndoo. "Ni plastiki!" akapiga kelele. "Ni sanamu!"

Hapo ndipo video yenu inapoanzia. Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukisikia maishani, watu wanashikana mabega, yule kijana juu anamwinua korongo wangu kwa mguu mmoja aonekane vizuri, na mimi katikati, mdomo wazi, kofia mkononi. Lakini mkiitazama tena ile video, mwisho kabisa, kabla haijakatika, mtasikia mtoto anasema, "Tazama kule!" Na kamera haikugeuka. Mimi niligeuka. Kutoka nyuma ya miti ya bwawa waliinuka korongo wawili, wazima, wa kweli, shingo zimenyooka, wakapiga mbawa nzito nzito juu ya vichwa vyetu, wakazunguka mara moja juu ya ile ngazi, kisha wakashika njia ya kusini wakawa vidoa, wakapotea.

Margaret alikuwa amefika. Hakucheka na hakunigombeza. Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, darubini mapajani, akawatazama mpaka mwisho.

Alinieleza yeye mwenyewe, palepale, sauti imekauka. Korongo walikwisha nchi hii zamani sana, waliwindwa, mabonde yao yakakaushwa, na sasa watu wachache wanajaribu kuwarudisha. Ni ndege wanaopenda kuishi na binadamu, wanajenga juu ya paa na mabomba ya moshi, lakini kwanza lazima wapaamini mahali. Na korongo hatui penye upweke, anatua akiona mwenzake ametangulia (ndivyo tulivyokuja Edmonton sisi sote, si uongo), ndiyo maana wakaweka lile sanamu. Miaka wamekuwa wakibembeleza majirani waache kurusha vidude vyao vya angani vyenye kamera, wafunge mbwa kamba, wasilalamikie kinyesi kwenye paa. Na alfajiri ile, kwa mara ya kwanza, jozi ilikuwa imetua kwenye matete. Yeye na wenzake waliona upepo umelipindisha sanamu lakini hawakuthubutu kusogea kulinyoosha. Walikuwa wamelala kifudifudi kwenye tope tangu alfajiri, hawakohoi.

"Walikuwa wamebeba vijiti," akasema. "Mdomoni. Walikuwa wanataka kujenga."

Nilitaka ardhi inimeze. Yale ya kuchekwa yalikuwa madogo mbele ya hili.

Polisi mmoja, kijana mpole, akanichukua pembeni, akaniambia kwa upole lakini wazi kwamba niliripoti mwanamke yuko juu ya nguzo na hapumui, na je, nilifanya mzaha? Nikajaribu kueleza, maneno yakanigomea, yakatoka yaleyale, nilidhani amelala. Akaniuliza kama kuna mtu wa kumpigia, nikampa simu yangu. Rehema akaja na kitambulisho cha kazi bado shingoni, akapita katikati ya wale wenye simu bila kuwatazama. Mimi nikainamisha kichwa, nikajua leo nimemwaibisha mwanangu mbele ya watu. Polisi akamsomea niliyoyasema kwenye simu. Akamsomea yote, na lile la nilidhani amelala.

Rehema akanishika mikono yote miwili, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. Kiswahili kibovu, cha kuokoteza, lakini Kiswahili.

"Baba. Daktari aliniambia mimi. Moyo wa Mama ulisimama mara moja tu. Kama wewe uliamsha, hakuna kitu. Hakuwa anakungoja, Baba. Hakuwa anakungoja."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Wewe hukuuliza. Mimi sijajua wewe unabeba hii."

Tulilia pale, mbele ya gari la zimamoto, na yule mkubwa wao mwenye kofia nyeupe akawaambia watu waende zao.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Margaret na sahani ya kalimati (nilizipika mwenyewe, zilikuwa ngumu, akala). Nilimwomba radhi. Hakuniambia haidhuru, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu ingekuwa uongo. Aliniambia huenda wakarudi na huenda wasirudi. Tukaja kusikia baadaye kuna jozi imejenga juu ya bomba la moshi la mtu huko kusini, mbali na London, na wametotoa. Hatujui kama ni wale. Mimi najiambia ni wale.

Sasa naenda na kikundi chao, napanda ngazi kulifunga sanamu vizuri, nagonga milango ya fleti kuwaomba watu wasirushe vidude vyao karibu na bwawa, na wakinifungulia nusu yao wananitambua na kuanza kucheka, nami nawaacha wacheke kwanza, halafu nawaeleza, na wakishacheka husikiliza vizuri zaidi kuliko wanavyomsikiliza Margaret. Wengine wameniuliza nitafanya nini siku wale ndege wakija tena. Nimekwisha kuapa, na naapa tena mbele yenu: wakija, hata nikiwaona wamesimama kutwa nzima bila kutikisika unyoya, sitapiga simu, sitamwita mtu, nitawaacha wapumzike.

Ila mpaka leo hawajarudi.